Mwaka Niliojifunza Kumuuliza Mjomba

Wewe utakayesoma, nakuomba uwe na subira nami. Nilifika klase ya tatu tu, tena kwa Kireno, na Kiswahili hiki nimejifundisha mwenyewe kukiandika, kwa hiyo maneno mengine nitayapanga kama niyasikiavyo na si kama yalivyo vitabuni. Mkono nao siku hizi unatetemeka, herufi zinalala upande. Ukurasa mmoja hunichukua asubuhi nzima. Nikikosea sifuti, maana kufuta kunachafua karatasi kuliko kosa lenyewe.

Nimeanza kuandika kwa sababu Mama Filomena amefariki. Habari zimenifikia hapa Quitunda zikiwa zimechelewa, mazishi yameshapita, na aliyezileta hakujua kwamba mimi na marehemu tulijuana. Alitaja tu, katikati ya maneno mengine, kwamba yule bibi wa Mueda aliyekuwa akilea watoto wa vita hayupo tena. Mimi nikaendelea kuchambua mchele. Nilipomaliza nikagundua kwamba nimeuchambua mara mbili. Wiki hiyohiyo alikuja kwa jirani yangu binti mmoja wa ustawi wa jamii, kadi imening'inia shingoni, ina picha yake na namba. Jirani yangu amechukua watoto wawili wa dada yake baada ya vurugu hizi za juzi, na yule binti alikuja kuuliza: wanalala wapi, nani mwingine yumo humu ndani, mama yao aliitwa nani, nani anaweza kuthibitisha. Alipotoka, jirani aliingia kwangu amevimba. "Ananihoji kama nimewaiba. Watoto wa dada yangu mwenyewe." Nilimwacha aseme mpaka akachoka. Kesho yake nilimwona binti akipita tena, nikamwita, nikamuuliza ile kadi amepewa na nani. Akanieleza kwamba alisoma miaka kadhaa, kisha akakaa mwaka mzima chini ya mama mmoja aliyemtangulia kazini, kisha akatahiniwa, na akiharibu wataichukua. "Hata wewe watakunyang'anya?" nikamuuliza. "Hata mimi, bibi. Hii si yangu. Nimeazimwa." Nilitamani kumwambia kwamba hata mimi niliwahi kuazimwa. Lakini haya zilinishika, kama zilivyonishika maisha yangu yote, nikamkaribisha chai.

Sasa namwambia hapa, yeye na wengine. Habari za kwetu na jinsi nilivyotoka pwani naziacha, zina mahali pake. Ninaousimulia ni mwaka mmoja wa vita vya Mreno, nilipokuwa na miaka kumi na saba, msichana asiyeweza kuomba maji nyumba ya watu bila kwanza kuzunguka uani mara tatu. Jina langu Mwaziza. Wapiganaji waliokuwa wakipigana na Mreno walinipeleka kwenye kituo cha watoto kwa sababu nilijua kusoma na kuandika, na waliojua walikuwa wachache. Kituo kilikuwa mwendo wa siku moja kutoka Nhica, ndani ya msitu, mahali ambapo miti imefungamana hata ndege ya Mreno ikipita juu haioni paa. Kulikuwa na banda refu la nyasi lenye vitanda vya fito, na watoto walilala watano watano, vichwa vyote upande mmoja, ili ukipita asubuhi uhesabu vichwa na siyo miguu, maana miguu ilikuwa inachanganyana. Jiko lilikuwa kibanda cha peke yake. Moto uliwashwa alfajiri tu, kabla ya ndege kuamka, kama tulivyokuwa tukisema, na ugali wa muhogo uliopikwa saa hiyo ndio uliokuwa chakula cha asubuhi na cha mchana. Tulikula ming'oko tuliyochimba porini, uyoga wakati wa mvua, na mboga bila chumvi. Chumvi ilipopatikana, Mama Filomena aliwalambisha kwanza watoto wagonjwa, kidogo kidogo, kwenye ncha ya kidole.

Mama Filomena ndiye aliyekuwa mkuu wa kituo. Alikuwa Mmakonde wa kule juu, uwandani Mueda, usoni ana chale za kwao, sauti yake ya chini, na mtu wa kucheka alikuwa si yeye. Siku ya kwanza nilimwambia nimekuja kwa sababu napenda watoto. Alinitazama muda mrefu. "Hata mbuzi anapenda watoto wake," akasema. "Hii ni kazi, ina masharti. Utakaa miezi mitatu nikutazame. Halafu kamati itakuuliza. Ukifaa utapewa karatasi yenye muhuri, uitwe mlezi. Ukiharibu, karatasi inarudi." Nilidhani ananitisha. Baadaye nilielewa kwamba kila sharti lilikuwa na kisa nyuma yake. Mlezi hali kabla watoto hawajala, kwa sababu kulikuwa na aliyekula kwanza, na chakula kikaisha. Mlezi habadilishi jina la mtoto wala sala zake, kwa sababu mtoto mmoja wa pwani alirudishwa kwa bibi yake akipiga ishara ya msalaba, na bibi akalia siku tatu. Mlezi hampeleki mtoto shambani kwake. Na mtoto hatoki kituoni kwenda kwa ndugu mpaka ndugu aulizwe maswali, ajibu mbele ya mashahidi wawili waliomjua mama wa mtoto, na majina yote yaandikwe. Hili la mwisho lilitokana na mtu aliyekuja kabla yangu, akasema yeye ni ndugu wa vijana wawili, akapewa. Miezi baadaye walionekana ng'ambo ya Ruvuma wakimbebea mizigo mchuuzi, mmoja bega limeoza kwa kidonda.

Tulikuwa wawili tuliojaribiwa. Mwenzangu aliitwa Atija, Mmakua, hakujua kusoma lakini mdomo wake ulifanya kazi ya watu wanne. Tulipokuwa tukitwanga muhogo alijifanya yeye ni kamati. "Kamarada Mwaziza," anasema kwa sauti nzito, "mtoto ameiba muwa. Utafanya nini?" Namjibu, "Nitamuuliza kwa nini." "Umekosa. Utamuuliza kama muwa umebaki." Mama Filomena akipita tunanyamaza, naye anasema bila kusimama, "Nyie wa pwani mnasalimiana mpaka ugali unapoa. Na huyu Mmakua anakula wakati mnasalimiana." Ndiyo ilikuwa mizaha yake, na Atija alikuwa akiihesabu: wiki ile aliyotania mara mbili alisema vita vinakaribia kwisha.

Katika watoto wale kulikuwa na Sifa. Alikuwa na miaka kama mitano. Wapiganaji walimwokota na wengine kando ya mto, siku ndege zilipopiga kijiji chao, na katika daftari alikuwa na mstari mmoja tu: Sifa, mama yake Awa, kovu la moto mguu wa kushoto. Alikuwa halali mpaka ashike sikio la mtu. Mwanzoni alishika la Atija, lakini Atija alikuwa anaongea hata akiwa amelala, basi Sifa akahamia kwangu. Mpaka leo sikio hili la kulia nikiligusa linanikumbusha vidole vyake, vya moto kidogo, vilivyokuwa vikilegea kimoja kimoja usingizi unapoingia.

Ilikuwa mwezi wa tatu wa majaribio yangu, zimebaki siku tisa kamati ikutane. Mama Filomena alikuwa amekwenda kambini kwa wapiganaji kutafuta nguo za watoto. Atija alikuwa mtoni na watoto wakubwa, wanafua. Mpishi wetu, mama mmoja mzee aliyekuwa hasikii vizuri, alikuwa jikoni. Nilibaki na wadogo. Akaja mtu na kibali chake cha njia, walinzi wameshakikagua, akakaa kwenye gogo mbele ya banda. Akasema, "Mimi ni Bakari. Nimemtafuta mtoto wa dada yangu tangu masika yaliyopita. Anaitwa Sifa. Dada yangu ni Awa." Majina yalikuwa yaleyale ya daftari. Mimi nilikuwa nimeshapiga magoti na kuinamisha uso.

Hapa sharti nieleze, kwa wasio wa kwetu. Kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto. Baba anaweza kuulizwa, hata kugombezwa, mjomba haulizwi. Akisema huyu anakwenda, anakwenda. Akija nyumbani unapiga magoti, unatazama chini, unajibu unapoambiwa. Kumwambia mjomba alete mashahidi kwamba yeye ni mjomba ni kama kumwambia mama yake si mama yake. Yote hayo niliyanyonya kabla sijajua herufi hata moja. Sharti la kituo nilikuwa nalo kichwani, nakumbuka vizuri, lilishuka mpaka kooni. Nikasema, "Mjomba," na hapo hapo likanishinda. Ukishamwita mtu mjomba, huna tena njia ya kumwambia alete mashahidi. Alitoa kipande cha muwa mfukoni, akampa Sifa, na Sifa akapokea. Nilimfunga shuka yake, nikamwekea ming'oko ya kuchemsha kwenye jani. Wakaondoka. Sifa hakugeuka nyuma. Alikuwa na muwa wake.

Wamekwisha kupotea njiani ndipo lile sharti lilipopanda tena kichwani. Nililichukua daftari nikakaa nalo mlangoni. Lilikuwa limechorwa mistari: mtoto, aliyemchukua, shahidi wa kwanza, shahidi wa pili. Atija alirudi na ndoo ya nguo kichwani, akaniangalia usoni, akaitua. Nilimweleza. Akakaa karibu yangu, akasema, "Niandike mimi shahidi."

"Hukuwepo."

"Nilikuwa mtoni. Mto si mbali. Wa pili muandike mpishi. Yeye akiulizwa anaitikia ndiyo kwa kila kitu."

"Atija."

"Zimebaki siku tisa, Mwaziza. Wakikufukuza utakwenda wapi? Una kwenu?"

Kwetu hakukuwepo tena, naye alijua. Nilianza kuandika. Mimi huandika polepole, tangu zamani. Wengine wakimaliza mstari mimi niko neno la pili. Siku ile upole wa mkono ulinisaidia, kwa sababu nilipokuwa nikiandika Sifa, halafu Bakari, mjomba, nilipata muda wa kufikiri. Nikafikiri: kama mtu huyu si mjomba wake, nani atamtafuta? Mtoto aliyeondoka na mashahidi wawili hatafutwi na mtu. Majina hayo mawili ya uongo yatakuwa mlango uliofungwa nyuma yake. Nikaandika, penye shahidi wa kwanza, hakuna. Penye wa pili, hakuna. Atija alitazama zile alama asizozijua. "Umeandika jina langu?" akauliza. Nikamwambia sikuandika. Akachukua ndoo yake akaenda kuanika nguo, na aliyeanza kulia ni yeye.

Mama Filomena alirudi jua linaanza kuelekea magharibi. Alisoma akiwa amesimama, nguo bado ziko begani. Hakupaza sauti. "Alikuwaje?" akauliza.

"Mpole."

"Sura, Mwaziza."

"Sikumtazama."

"Mrefu, mfupi?"

"Alikuwa amekaa."

"Alikaa mpaka anaondoka?"

"Nilikuwa nimeinama, mama."

Alishusha nguo. "Basi uliona nini?"

"Miguu," nikasema. Na kweli miguu yake niliijua kuliko ya ndugu zangu. Viatu vya mpira wa gari, kamba ya kushoto imeungwa kwa mkonge, kidole gumba cha kulia hakina kucha, kifundo kina alama kama ya kuumwa na mbwa. Aliniambia niandike yote hayo. Niliandika, yeye anasubiri. Nilipomaliza alisema, kama mtu anayejisemea, "Mtoto mwenye njaa, kila mwenye muwa ni mjomba wake." Nimesikia maneno makali mengi maishani. Hayo ndiyo yaliyoingia nikakaa nayo.

Walinzi waliofuata nyayo walirudi usiku bila mtu, na wao walikumbuka kibali tu, si sura. Kamati haikungoja siku tisa. Ilikaa kesho yake ndani ya banda la dawa, watu watano, nami nikaambiwa nikae nje. Ukuta wa nyasi hauzuii maneno. Nilimsikia mzee mmoja wa kamati akisema, "Mjomba ni mjomba. Hata mimi ningempa." Mama Filomena akamjibu, "Ndiyo maana wewe hatukupi watoto." Wakacheka kidogo, kisha mganga wa dawa, kijana aliyesomea ng'ambo, akasema, "Lakini ameandika hakuna. Angeweza kuandika majina yoyote." Mama Filomena akasema, "Angeandika majina ningekuwa nimeshamfukuza. Ameandika hakuna, kwa hiyo tunajua pa kuanzia." Nikaitwa ndani. Uamuzi ulikuwa kwamba majaribio yangu yamesimama. Daftari litakuwa kwa Mama Filomena. Nitafanya kazi jikoni na kuchota maji, nisimlaze mtoto, nisimwogeshe mtoto, nisimtoe mtoto mahali hata hatua moja, mpaka Sifa aonekane na yule mtu ajulikane ni nani. Asipoonekana, nitaondoka kituoni.

Leo nikiwaona hawa wenye kadi nafikiri watu huwaonea wivu kwa kadi. Hawajui jinsi mtu anavyolala akijua kwamba kuna mtoto mmoja, mahali fulani, ambaye kama anaumia, anaumia kwa mkono wako. Karatasi niliitaka, sikatai. Lakini jikoni pale sikuwa nikiwaza karatasi. Nilikuwa nikiwaza bega la yule kijana aliyebebeshwa mizigo. Watoto hawakuelewa kwa nini siji bandani. Walikuja mlango wa jiko wakasimama. Mmoja akaniuliza, "Umeumwa?" Nikasema hapana. "Umetufanya nini?" akauliza, si tumekufanya nini, na mpaka leo sijui kama alikosea kusema au alijua. Mpishi alinipa kazi bila maneno. Alipoona sili, alikuwa akinisukumia ukoko wa sufuria, ambao ni haki ya mpishi, akatazama pembeni.

Mama Filomena alipeleka maneno ng'ambo ya Ruvuma na wabeba chumvi, waliokuwa wakivuka huku na huko na mizigo yao: anatafutwa mtu anayeitwa Bakari, asiye na kucha ya kidole gumba cha kulia. Wabeba chumvi walicheka mpaka wakakaa chini. Kuna mmoja aliyesema sasa atakuwa anasalimia watu miguu. Lakini walikwenda. Wiki ya tatu wakarudi na jibu. Mtu amepatikana, yuko kijiji cha wakimbizi, upande wa Tanganyika. Amesema: waambieni mtoto wa dada yangu nilimchukua mchana kweupe, na mjomba haombi kibali. "Mtoto mmemwona?" Mama Filomena akauliza. Mtoto hawakumwona. Alisema yuko shamba. Neno shamba liliponifika pale jikoni nilikuwa nashika mwiko, na mpishi, aliyekuwa hasikii, ndiye aliyeuchukua mkononi mwangu.

Mama Filomena alituma tena. Safari hii alisema, kama wabeba chumvi walivyonieleza baadaye, kwamba msichana aliyempa mtoto kwa heshima amesimamishwa kwa sababu ya heshima hiyo, na kwamba yeye, mkuu wa kituo, haombi mtoto arudishwe, anaomba mjomba aje aulizwe. Zikapita wiki nyingine tatu.

Nilikuwa nakata kuni, nimeinama, nikaona viatu vya mpira wa gari. Kamba ya kushoto ilikuwa imeungwa upya. Nyuma yake kulikuwa na nyayo ndogo, na nyuma yao miguu ya mwanamke mzee iliyovimba kwa safari, na ya mwanamume mwingine. Sifa alikuja akanishika sikio, vivi hivi, mbele ya watu, kama mtu anayechukua kitu chake alichokiacha. Alikuwa amenenepa. Niliyaangalia mabega yake yote mawili kabla sijamkumbatia. Yalikuwa mazima.

Bakari alimwambia Mama Filomena, "Nisingekuja. Mke wangu ndiye aliyenisema. Amesema yule binti alikupa heshima, wewe ukamwachia msiba. Amesema nisirudi nyumbani kabla sijaulizwa." Akaonyesha wale wawili nyuma yake. "Nimekuja na mashahidi wenu."

Tulikaa mbele ya banda, kamati yote, Atija naye akasogea. Mama Filomena alinyoosha mkono, akanipa daftari. Sikulipokea. "Mama, mimi niko jikoni," nikasema. "Aliyemtoa ndiye anayeuliza," akajibu. "Muulize, Mwaziza. Na umtazame."

Kuinua uso kulikuwa mzigo mzito kuliko ndoo zote nilizobeba mwaka ule. Niliuinua. Nikaona mtu wa makamo, mwembamba, nyusi zake zimeungana katikati kama za Sifa. Kama ningemtazama siku ile ya kwanza ningeziona. "Mjomba," nikasema, na sauti ikatoka ndogo, "kovu la mguu wa Sifa lilitokana na nini?"

"Alikanyaga jivu lenye moto chini," akasema upesi, kama mtu anayelipa faini. "Awa alikuwa amekwenda kuchota maji. Aliporudi alilia kuliko mtoto. Akanituma asali ya kumpaka." Yule mwanamke mzee, aliyekuwa mkunga wao, akatikisa kichwa kukubali. "Alikutuma mara mbili," akasema. "Ya kwanza uliila njiani." Watu wakacheka, na Bakari naye akacheka, akashangaa kwamba amecheka.

Nikaandika. Walisubiri. Kisha swali la mwisho, ambalo lilikuwa lazima. "Mama yake alifariki vipi, na nani alimzika?"

Alitazama mikono yake. Akasema ndege zilipokuja yeye alikuwa upande wa pili wa mto. Alivuka kesho yake na huyu jirani yake. Walimkuta Awa kwenye mtama. Walichimba kwa jembe moja, wakipokezana, na sanda ilikuwa kanga yake mwenyewe. Walimtafuta Sifa katika waliokufa, hawakumwona, na hapo ndipo alipoanza kutembea kijiji hadi kijiji. Jibu lilikuwa limetosha. Lakini hakunyamaza. Akasema Awa alikuwa akiunguza korosho kila mara, kwa sababu akianza hadithi haangalii moto. Akasema alikuwa akimwita yeye Bakari Mguu, tangu utotoni, kwa ajili ya ile kucha. Mkunga akasema polepole, "Endelea, Bakari." Akaendelea. Nilijitahidi kuandika kila neno, na mkono wangu ulivyo mzito alikuwa akisimama, ananingoja, kisha anasema linalofuata. Alipomaliza akaniambia, "Nisomee hapo pa Awa." Nikamsomea. Akaomba tena. "Tangu azikwe," akasema, "hakuna aliyeniuliza. Watu wananipa pole, wanapita."

Mimi nilidhani kuuliza ni kumvunjia mtu heshima. Kwetu wote tulidhani hivyo, na kwa mambo mengi bado nadhani hivyo. Lakini niliona pale mtu akishushwa mzigo kwa swali, na swali lenyewe nilikuwa nimemnyima kwa adabu yangu. Nimewaza jambo hili miaka mingi na sijapata maneno mazuri zaidi ya hayo.

Mashahidi waliweka dole gumba. Mama Filomena akasema, "Sasa mpe mtoto," nikampa mara ya pili, na safari hii nilimwangalia anavyokwenda mpaka mwisho. Karatasi nilipewa mwezi ule, pamoja na Atija. Ilikuwa nusu ukurasa wa daftari, imeandikwa jina langu na neno mlezi, na muhuri wa mpingo uliochongwa na mpiganaji mmoja wa uwandani. Mama Filomena aliponipa hakunipongeza. Alisema, "Ukiogopa, uliza. Usipoogopa, uliza vilevile." Nilifanya kazi ile mpaka vita vilipokwisha, kisha akazikusanya karatasi zetu zote, kwa kuwa kituo kilifungwa na kazi tuliyoazimwa imekwisha. Nilimrudishia bila kinyongo. Sikumwona tena, na kosa ni langu. Mueda si mbali kiasi hicho. Nilikuwa naona haya kwenda bila sababu.

Sifa sikupata habari zake tena. Kama yu hai ni bibi sasa, pengine upande huu, pengine Mtwara au Lindi, pengine hajui kwamba kuna mtu anayemkumbuka. Nawaomba mnaosoma, anayemjua aniandikie. Barua ikipewa mtu yeyote anayekuja Quitunda itanifikia, wananijua. Nanyi vijana wenye kadi, niandikieni mnavyouliza siku hizi, na watu wanavyowajibu. Mwandiko wowote nitausoma. Na huyo atakayesema anamjua Sifa nitamjibu, lakini kwanza nitamuuliza: ni hadithi gani iliyokuwa ikimfanya mama yake aunguze korosho, maana hiyo sikuiandika hapa, kwa makusudi. Asikasirike.